Kapsuli za beri na dawa za mama: ile namba kwenye chupa inapima nini?

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 63, yuko Muheza. Ana kisukari cha aina ya pili na presha, anameza metformini na amlodipini. Mwaka huu damu iliganda mguuni, wakamwongezea warfarini ya kuzuia isigande tena. Sasa mwenzake wa kikoba amemletea chupa ya kapsuli za "beri saba", ziko 60, shilingi 85,000, anameza mbili kwa siku. Chupa imeandikwa ORAC 20,000. Anaambiwa zina antioksidanti zinazosafisha damu, na kwamba baada ya miezi mitatu ataachana na dawa za hospitali. Zinasaidia kweli? Nimekutumia picha ya lebo, mbele na nyuma.

Jibu: Marahaba, dada yangu. Nikurekebishe kidogo tu: mimi ni mfamasia, si daktari, ingawa pale kaunta nimeitikia jina hilo miaka mingi mpaka nimechoka kubisha.

Nianze na yasiyosubiri. Mama aendelee na metformini, amlodipini na warfarini kama alivyoandikiwa, asiruke hata siku moja. Kapsuli ziwekwe kando leo hii. Kama ameshazimeza siku kadhaa, ipigieni simu kliniki anakopimiwa INR, kile kipimo cha damu yake inachukua muda gani kuganda. Waelezeni alianza lini na ameacha lini, na muombe apimwe mapema kuliko tarehe iliyo kwenye kadi. Kwa mtu wa warfarini, kuanza kitu kipya kunaweza kusogeza kipimo, na kukiacha vilevile. Mkiona fizi zinatoka damu bila sababu, michubuko inajitokeza asikogongwa, mkojo mwekundu, choo cheusi kama lami, au kichwa kimemuuma ghafla kwa nguvu, msingoje jibu la mtu yeyote, mimi nikiwemo. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.

Baada ya hapo tunaweza kukaa tukazungumza.

Neno "antioksidanti" wauzaji wetu wamelitafsiri "viondoa sumu", na tafsiri hiyo ndiyo iliyozaa habari za kusafisha damu. Uchafu wa damu huchujwa na figo na ini, usiku na mchana, bila kudai shilingi 85,000. Antioksidanti ni habari nyingine. Kata biringanya uliache kwenye sahani, utakuta limegeuka kahawia: oksijeni imelishika. Likamulie ndimu mara tu ulipolikata, litakaa jeupe muda mrefu zaidi. Mwilini nako, seli zikichoma chakula ili kupata nguvu, hutoka molekuli zenye elektroni moja isiyo na mwenzake. Wanakemia huziita radikali huru. Elektroni hiyo haitulii. Hupora mwenza kutoka kwenye mafuta ya ukuta wa seli, kwenye protini, hata kwenye DNA, na aliyeporwa naye anakwenda kupora kwingine. Antioksidanti ni kitu kinachotoa elektroni kikaridhika, bila chenyewe kugeuka mporaji.

Mwaka 1956 Mmarekani Denham Harman alitoa wazo kwamba uzee wenyewe ni matokeo ya uporaji huo unaorundikana mwaka hadi mwaka. Wazo lilikuwa zuri, na hesabu iliyofuata ilionekana rahisi mno: kama radikali huru zinaharibu, na antioksidanti zinazizuia, basi meza antioksidanti nyingi uugue kidogo. Kwa miaka mingi karibu kila mtu aliamini hivyo, madaktari wakiwemo. Kisha likaja jaribio.

Huko Ufini waliwachukua wanaume 29,133 wavutaji sigara, wa miaka 50 hadi 69, wengine wakapewa beta-karotini (ile rangi ya karoti), wengine vitamini E, wengine vyote viwili, wengine vidonge visivyo na kitu. Matokeo yalitoka 1994. Waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao, kwa asilimia 18. Watu walidhani kuna kosa mahali. Lakini Wamarekani nao walikuwa na jaribio lao la watu zaidi ya 18,000, wavutaji wa sigara na wafanyakazi waliowahi kuvuta vumbi la asbesto, wakipewa beta-karotini pamoja na vitamini A. Januari 1996 walilisimamisha kabla ya muda wake, kwa sababu upande wa vidonge ulikuwa na saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 28 na vifo zaidi kwa asilimia 17. Baadaye vitamini E ikajaribiwa kwa wanaume zaidi ya 35,000 ili kuona kama inakinga saratani ya tezi dume. Ripoti ya 2011 ilionyesha waliomeza vitamini E waliipata zaidi, kwa asilimia 17.

Utaniambia hizo ni vitamini za dozi kubwa, si beri. Ni kweli, na sisemi kapsuli za mama zitamletea saratani. Nimezitaja kwa sababu hoja anayouziwa ni ileile iliyoanguka kwenye majaribio hayo: kwamba kitu kikiwa antioksidanti, basi kikizidi ndivyo kinavyofaa. Mwili unazihitaji radikali huru kwa kazi zake. Chembe nyeupe za damu huua bakteria kwa kuwamwagia hizohizo. Misuli nayo inapofanya kazi huzitoa kama taarifa, na taarifa hiyo ndiyo inayouamsha mwili ujirekebishe. Kuna jambo hapa linalomhusu mgonjwa wa kisukari moja kwa moja. Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani waliwafanyisha vijana mazoezi kwa wiki nne. Waliofanya mazoezi bila vidonge, insulini yao ilianza kufanya kazi vizuri zaidi, kama inavyotarajiwa. Waliokuwa wakimeza gramu moja ya vitamini C pamoja na vitamini E kila siku hawakuipata faida hiyo. Jasho walitoa, ila taarifa ilizimwa njiani.

Sasa ile namba. ORAC ni kipimo cha maabara. Chukua kimiminika chenye rangi inayong'aa, kiweke kwenye chombo chenye joto kama la mwili, kisha tia kemikali inayotoa radikali huru. Mng'ao unafifia kidogokidogo, kama chemli inayoishiwa mafuta. Ukitia juisi ya beri, mng'ao unakaa muda mrefu zaidi kabla ya kuzimika, na huo muda wa nyongeza ndio unaogeuzwa kuwa namba. Basi. Kwenye chombo hicho hakuna tumbo, ini, damu wala mama.

Wizara ya Kilimo ya Marekani ilichapisha orodha ya namba za ORAC za vyakula mwaka 2007, ikaipanua 2010. Mwaka 2012 iliiondoa kabisa kwenye tovuti yake, ikaeleza sababu waziwazi: namba hizo hazionyeshi kinachotokea ndani ya mwili wa mtu, na kampuni za vyakula na virutubisho zilikuwa zinazitumia vibaya kuuzia bidhaa. Yaani chupa ya mama inajivunia kipimo ambacho wenyewe waliokitangaza walishakifuta.

Na kabla orodha haijafutwa, unajua nani alikuwa karibu na kileleni? Karafuu. Karafuu ya unga ilikuwa na kama 290,000 kwa gramu 100, bluuberi mbichi kama 4,700. Kama namba hiyo ingekuwa kinga ya kisukari, kliniki za Pemba zingefungwa kwa kukosa wagonjwa. Sehemu ya tofauti hiyo ni ujanja wa kawaida tu: karafuu ni kavu, bluuberi imejaa maji. Ukikausha tunda lolote ukalisaga, namba yake kwa gramu 100 inaruka juu bila wewe kuongeza chochote, na ndiyo maana poda hupenda kujitangaza kwa ORAC. Halafu tazama lebo ya mama: 20,000, lakini haikuandikwa ni kwa gramu 100, kwa kapsuli, wala kwa chupa nzima.

Kuna utafiti mmoja nimeshausimulia mara nyingi kuliko familia yangu inavyopenda. Watu wakila tufaha, uwezo wa damu yao kuzuia oksidishaji kweli hupanda kwa saa chache, na kwa miaka watu walilishangilia hilo kama ushahidi. Mwaka 2004 watafiti wawili wa Taasisi ya Linus Pauling, huko Oregon, walitafuta nini hasa kilichopanda. Hazikuwa antioksidanti za tufaha. Ilikuwa asidi ya uriki, ambayo mwili huitengeneza zaidi unapopata sukari ya matunda. Ndiyo, asidi ileile ambayo ikizidi hukaa kwenye kidole gumba cha mguu na kuitwa jongo. Asidi ya uriki ni miongoni mwa antioksidanti kubwa kabisa za damu, na imo humo muda wote, mtu ale beri asile. Rangi za beri, zinazoitwa anthosiyanini, zinaingia kwenye damu kwa kiasi kidogo sana na hazikai. Nyingi hufika utumbo mpana zikavunjwavunjwa na bakteria wa huko kuwa vitu vingine kabisa. Kuzitegemea ziongeze antioksidanti kwenye damu ni kumwaga kata ya maji baharini ukitazamia kina kiongezeke.

Je, ina maana beri hazina kazi? Hapana, zina kazi, ila si ile inayotangazwa. Vile vipande vilivyovunjwa na bakteria vinaonekana kuisaidia mishipa ya damu kutanuka vizuri. Jaribio ninaloliheshimu lilifanyika Uingereza likatoka 2019: watu 115 wenye kitambi, presha na sukari iliyoanza kupanda, miezi sita mfululizo. Waliopewa dozi kubwa ya unga wa bluuberi kila siku, mishipa yao ilitanuka vizuri zaidi mwishoni. Ila usikivu wa mwili kwa insulini haukubadilika. Kuna jaribio dogo la Marekani la 2010, la watu 32, wiki sita, lililoonyesha insulini inafanya kazi vizuri zaidi, lakini pale walikunywa gramu 45 za unga kwa siku. Ujue pia kwamba baraza la wakulima wa bluuberi wa Marekani limetia fedha kwenye tafiti za aina hii. Hilo halizifanyi kuwa uongo, bali ni jambo la kukumbuka ukisikia zinasifiwa.

Chukua kalamu tupige hesabu. Lile jaribio la Uingereza lililosaidia mishipa lilitumia gramu 26 za unga kwa siku, sawa na kikombe kimoja cha bluuberi mbichi. Lebo ya mama inasema kila kapsuli ina miligramu 500 za "mchanganyiko". Gramu 26 ni kapsuli 52. Chupa ya 85,000 ingemtosha siku moja, na asubuhi ya pili angebakiwa na nane. Kwa mbili kwa siku anapata gramu moja. Na gramu hiyo yote si beri. Nenda nyuma ya chupa, kwenye orodha ya viambato. Kwa sheria ya Marekani, inakotoka chupa hii, kitu kilicho kingi zaidi kwa uzito hutangulia. Cha kwanza hapo ni unga wa tufaha. Cha pili, zabibu. Bluuberi iko ya nne, na açaí, lile tunda la mti wa Amazoni wa jamii ya michikichi, lililochorwa kubwa kabisa upande wa mbele, liko la mwisho. Kampuni haikulazimika kusema kila kimoja kina miligramu ngapi, maana imeviita vyote kwa pamoja "mchanganyiko maalumu".

Kuna wanaotengeneza vizuri zaidi. Badala ya kusaga tunda zima hukamua kiini na kuandika asilimia ya anthosiyanini. Kapsuli ya namna hiyo inaweza kubeba rangi nyingi kuliko unga wa kawaida, na mtu mzima asiyetumia dawa yoyote akitaka kununua, ningemwambia atafute asilimia hiyo kwenye lebo kabla ya kutazama picha ya tunda. Lakini kiini ni ghali, na penye ughali hapakosi wachakachuaji. Mwaka 2006 huko Australia walipima kiini cha bilberi, binamu wa bluuberi wa Ulaya, wakakuta kimetiwa amaranthi. Usidhani ni mchicha. Ni rangi nyekundu ya viwandani ambayo Marekani iliipiga marufuku kwenye vyakula mwaka 1976. Kipimo rahisi cha rangi kilikuwa kimekipitisha kiini hicho kama halisi.

Hapa niache kidogo ya maabara tuingie jikoni. Anthosiyanini zina tabia moja ya kupendeza: hubadilika rangi kufuata uchachu. Mwezi uliopita nilinunua kapsuli za beri, si chapa ya mama, kwa udadisi tu. Nilikamua zambarau kumi kwenye glasi, nikagawa maji yake kwenye vikombe vitatu vyeupe. Kimoja nilikiacha. Cha pili nilikamulia ndimu, kikawa chekundu changamfu kama juisi ya rozela. Cha tatu nilitia ncha ya kijiko cha bakingi soda, kikaenda buluu, kisha kijani cha ajabu cha maji ya bwawa. Halafu nikafungua kapsuli mbili, nikakoroga unga wake kwenye maji, nikagawa vilevile. Ndimu: rangi ya zambarau. Soda: ileile. Kikombe kisichotiwa kitu: ileile, kama wino wa peni, haikubadilika kama anthosiyanini ibadilikavyo. Binti yangu aliyekuwa ananishikia vikombe akauliza kama hiyo ni dawa au ni rangi ya keki. Unaweza kulifanya jaribio hili hapo nyumbani mbele ya mama. Ila usilipe uzito kuliko lilionao. Unga unaobadilika rangi unaweza kuwa wa mchele mweusi au rozela badala ya beri, kwa hiyo kipimo hiki kinamnasa mwizi mvivu tu.

Turudi kwenye warfarini, maana ndiyo iliyonifanya nikuambie uweke chupa kando kabla hata sijamaliza kusoma barua. Kati ya beri saba za lebo, mbili zinanisumbua: kranberi na goji. Mwaka 2003 wasimamizi wa usalama wa dawa Uingereza walitoa tahadhari kuhusu juisi ya kranberi kwa watu wa warfarini, mwaka uliofuata wakaikaza, baada ya kupokea taarifa za wagonjwa ambao INR ilipanda, wengine wakavuja damu. Majaribio yaliyofuata kwa viwango vya kawaida vya juisi mengi hayakuona mabadiliko makubwa, kwa hiyo wataalamu bado wanabishana. Goji nayo ina taarifa za wagonjwa mmoja mmoja waliokunywa chai au juisi yake INR ikapaa. Ushahidi si mzito kwa lolote kati ya hayo mawili. Lakini warfarini ni dawa ambayo nafasi kati ya kidogo mno na nyingi mno ni nyembamba, na mama hapati chochote kwenye gramu hiyo moja cha kufidia hatari hata ndogo.

Kwa haki nitaje mahali ambapo kranberi imejithibitisha, kwa sababu akina mama wa kisukari hupata UTI mara kwa mara na mtu atakuja kumwambia. Mapitio makubwa ya 2023 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya tafiti 50 zenye watu karibu 8,900, yakaona kwamba kwa wanawake wenye UTI ya kujirudia, bidhaa za kranberi hupunguza hatari ya kurudi kwake kwa takriban robo. Inazuia, haitibu iliyokwisha kuanza. Na inavyofanya kazi hakuhusiani na antioksidanti: kuna vitu ndani yake vinavyowazuia bakteria kujishikiza kwenye ukuta wa njia ya mkojo. Ndiyo faida ya beri iliyothibitika vizuri kuliko zote ninazozijua, na hutaisikia ikitajwa na muuzaji wa ORAC. Kwa mama, kwa sababu ya warfarini, hata hiyo ni ya kuulizia kliniki kwanza.

Sasa ale nini? Rangi hizohizo za anthosiyanini zimo kwenye zambarau, forosadi, rozela, vitunguu vyekundu, hata kwenye ngozi ya maharage mekundu. Mama akipata zambarau za msimu, bakuli dogo na chumvi kidogo kama tulivyozoea pwani, ale kwa raha yake kama tunda. Asizile kama dawa. Najua mtu atakuja na habari ya mzambarau kushusha sukari, ni imani ya zamani kuanzia India. Wabrazili waliijaribu chai ya majani yake kwa utaratibu wa kisayansi, haikushusha. Rozela iko tofauti kidogo. Jaribio moja la Marekani lililotoka 2010, la watu 65, vikombe vitatu kwa siku kwa wiki sita, lilishusha ile namba ya juu ya presha kwa pointi 7 hivi, wakati waliokunywa chai ya uongo ilishuka moja tu. Ndiyo maana mtu ambaye tayari yuko kwenye amlodipini asigeuze rozela kuwa dozi ya kila siku bila kuwaambia wanaompima presha. Glasi ya siku moja moja, isiyojazwa sukari, sina neno nayo.

Na ninyi mko Muheza, mnakaa juu ya machungwa! Chungwa moja la wastani, alimenye ale na nyama zake, asilikamue. Watafiti wa Harvard na wenzao walifuatilia watu zaidi ya 187,000 kwa miaka mingi, wakachapisha 2013: waliokula matunda mazima zaidi, hasa bluuberi, zabibu na tufaha, walipata kisukari kidogo kuliko wengine, na waliokunywa juisi zaidi walipata zaidi. Ukikamua chungwa unamwaga nyuzinyuzi zinazoichelewesha sukari, kisha unakunywa manne kwa wakati uleule ambao ungekula moja.

Neno moja la mboga, kwa kuwa nimeliona likiharibu mambo. Watu wa warfarini huambiwa wajihadhari na vitamini K, inayosaidia damu kuganda, iliyo kwenye majani ya kijani, wakatafsiri kwamba wasile kabisa mchicha, matembele wala kisamvu. Kisha siku ya shughuli wanakula sahani mbili, INR inayumba. Mama ale mboga zake, kwa kiasi kinachofanana wiki hadi wiki.

Limebaki gumu, namna ya kumwambia. Usimwambie ametapeliwa. Aliyemletea ni mwenzake wa kikoba, wanakutana kila wiki, na pengine huyo naye aliuziwa kwa ahadi ileile. Nimeshawahi kumwambia mzee mmoja pale kaunta, kwa sauti iliyosikika mpaka foleni ya nyuma, kwamba amenunua unga wa tufaha. Alichukua chupa yake akaondoka. Aliporudi baada ya miezi miwili sukari ilikuwa 24, na metformini alikuwa ameiacha tangu siku ile. Kosa hilo nalibeba mimi, wala si muuzaji.

Mfanyie hivi badala yake. Ile picha ya pili uliyonituma, upande wa nyuma, chini kabisa kuna kisanduku chenye maandishi madogo ya Kiingereza. Sheria ya Marekani ya 1994 inaruhusu virutubisho kuuzwa bila kuthibitisha kwanza kwamba vinafanya kazi, lakini inamlazimu mtengenezaji anayetangaza faida fulani kuandika maneno hayo. Kaa na mama, mvalishe miwani, umsomee kwa Kiswahili: kauli hizi hazijatathminiwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa (ya Marekani), bidhaa hii haikukusudiwa kugundua, kutibu, kuponya wala kuzuia ugonjwa wowote. Habari ya miezi mitatu haimo popote kwenye chupa. Iliongezwa njiani, mahali fulani kati ya kiwanda na Muheza. Muulize anadhani nani aliiongeza, halafu unyamaze umpe muda wa kujibu.

Kama muuzaji anarudisha fedha, chupa ikiwa haijaisha, rudisheni, mnunue stripu za kupimia sukari. Na hiyo tarehe ya INR, nitashukuru ukinijulisha ilisomaje.